Lord of Destruction: Mchezo Ulioongezewa Mlima

Diablo ni mchezo wa kompyuta uliopewa jina la mlima. David Brevik, mmoja wa walioubuni, aliishi ujana wake Danville, California, chini ya Mount Diablo, na jina hilo likamkaa kichwani miaka mingi kabla hajapata cha kulifanyia. Sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, ambao asubuhi tunautazama mlima wa volkano wa Nyiragongo kwanza ndipo tusalimiane, hatuhitaji kuelezwa jambo hilo. Mlima ukikaa juu ya nyumba zenu huingia katika kila kisa mnachotunga. Nyongeza ya mchezo huo iliyotoka mwishoni mwa Juni 2001, Lord of Destruction, ilipeleka hadithi nzima mlimani na kuimalizia humo. Miezi isiyotimia saba baadaye, mlima wetu nao ukashusha moto wake mpaka mtaa wetu wa Birere. Moja halikuleta jingine. Ila mimi mchezo huu niliujulia Birere, juu ya jiwe jeusi lililoletwa na moto wa 2002, na siwezi kuusimulia kana kwamba niliukuta mahali pengine.

Mwanzo wake ni mwaka 1993, Brevik na ndugu wawili, Max na Erich Schaefer, walipofungua kampuni ndogo iitwayo Condor. Brevik alikuwa mpenzi wa Moria na Angband, michezo ya zamani iliyochorwa kwa herufi tupu kwenye skrini nyeusi, ambamo mapango hubadilika kila unapoanza upya na mtu akifa amekufa. Alitaka kutengeneza mchezo wa namna hiyo wenye sura nzuri, unaochezwa kwa zamu: wewe unapiga, adui anasubiri, kisha naye anapiga. Blizzard, waliokubali kuuchapisha, wakamwambia auondoe huo utaratibu wa zamu, mapigano yawe ya papo kwa papo. Brevik alikataa, wenzake wakapiga kura, akashindwa. Akaketi alasiri moja kubadilisha programu, kisha akabonyeza kipanya juu ya mifupa iliyosimama mbele yake. Shujaa akaenda mwenyewe, akainua silaha, akaipiga ikasambaratika. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyojua wakati ule ule kwamba wenzake walikuwa sahihi. Blizzard waliinunua Condor mwaka 1996 na kuiita Blizzard North, na Diablo ikatoka mwaka ulipokuwa ukigeuka kuwa 1997.

Diablo II ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Ilipotoka mwishoni mwa Juni 2000 ilikuwa na wahusika watano wa kuchagua: Amazon mwenye upinde na mkuki, Necromancer anayeinua mifupa ya wafu, Barbarian, Sorceress na Paladin. Hadithi ilikuwa na sehemu nne, kila moja na mji wake na mashetani yake, na ukiimaliza unairudia katika ugumu wa pili, kisha wa tatu uitwao Hell. Katika wiki mbili za kwanza ziliuzwa nakala milioni moja.

Mwaka huo huo wa 2000, bei ya tantali katika soko la dunia ilipanda mara kadhaa, kwa sababu viwanda vya simu, kompyuta na mashine za michezo viliitaka kwa pupa. Tantali inatoka katika koltani, na koltani ilikuwa ikiteremka kutoka Masisi na Walikale, huku Kivu, kuja Goma, mji uliokuwa mikononi mwa waasi wa RCD. Watoto waliacha shule wakaingia mashimoni. Mwaka 2001 bei ikaporomoka. Vijana wa California na Seoul waliokuwa wakikesha na Diablo II huenda walishika vipande vya Kivu mikononi bila kujua, na sisi tuliokuwa kando ya mashimo hayo mchezo wenyewe ulitufikia miaka baadaye.

Sasa, Diablo II ya kwanza, pamoja na uzuri wake wote, ilikuwa na mapengo ambayo mtu huyaona akishacheza sana. Mkoba wako ulikuwa mdogo na kasha la kuwekea akiba mjini lilikuwa dogo zaidi. Unaweza kukodi askari wa kukusindikiza, lakini akifa amepotea, na ukiondoka sehemu moja ya hadithi kwenda nyingine anabaki nyuma. Kwa hiyo hakuna aliyemjali. Dhahabu ilijaa mpaka haina maana. Na vitu vya kawaida visivyo na uchawi vilivyodondoka njiani, ngao tupu, fimbo tupu, ulivipita kama kokoto. Ukifika ugumu wa tatu, kilichobaki ni kuwinda vitu vilevile kwa bahati.

Lord of Destruction ilikuja na mambo ambayo boksi lake liliyatangaza kwa sauti: sehemu ya tano ya hadithi, wahusika wawili wapya, picha zenye vipimo vikubwa zaidi kwenye skrini, 800 kwa 600 badala ya 640 kwa 480. Wahusika hao ni Assassin, mwanamke anayetega mitego na kupigana kwa mateke na kucha za chuma, na Druid, mtu wa msituni anayegeuka mbwa mwitu au dubu. Druid huyo ana pia ustadi wa moto wa ardhini. Anapasua ardhi ikatoa ndimi za moto, anabingirisha jiwe lililoyeyuka, na akikua anafungua volkano ndogo mbele ya adui. Nitarudi kwake.

Sehemu ya tano inaanzia Harrogath, mji wa Mababariani ubavuni mwa Mlima Arreat. Ni tofauti na miji minne iliyotangulia, maana huko kote vita vilikuwa mbali, nyikani au chini ya ardhi, na mjini watu waliuza na kupiga soga. Harrogath imezingirwa. Ukitoka langoni hatua chache tu unakuta manati ya mashetani yakirusha moto na askari wamelala wamekufa. Mwanamke aitwaye Malah anauguza waliobaki. Wazee wa mji wametoa roho zao kuujengea kinga, amebaki mmoja, Nihlathak, na kadiri siku zinavyokwenda unagundua kuwa mzee huyo amepatana na Baal, bwana wa uharibifu mwenyewe: amempa kitu kitakatifu kinachofungua njia ya mlimani, kwa ahadi kwamba mji utaachwa salama. Binti aitwaye Anya alipoijua siri hiyo alifungiwa ndani ya barafu. Waandishi wa mchezo hawakumfanya Nihlathak kichekesho. Ana sababu zake, na sababu zake zinasikika. Msomaji wa Goma aliyeishi vita viwili na makundi ya silaha zaidi ya anayoweza kuyataja anaijua sauti ya mtu anayesema amepatana ili watu wapone. Sijawahi kukutana na mchezo mwingine wa zama zile uliogusa jambo hilo kwa karibu hivyo.

Lakini undani wa nyongeza hii, kwa maoni yangu, hauko katika hadithi. Uko katika kazi mbili za kwanza unazopewa Harrogath, ambazo wengi huzipita haraka.

Kazi ya kwanza ni kumuua msimamizi wa mashambulizi nje ya lango. Zawadi yake hutolewa na Larzuk, mhunzi wa mji: atakutobolea matundu kwenye chombo kimoja utakachomletea. Kazi ya pili ni kuwakomboa askari 15 waliotekwa, watano watano, kwenye nyanda za baridi juu ya mji. Kamanda wao, Qual-Kehk, anakushukuru kwa kukupa mawe matatu madogo yaliyochorwa alama, yaitwayo runi: Ral, Ort na Tal. Ukiyatazama moja moja hayana kishindo. Ral inaongeza moto kidogo, Ort radi kidogo, Tal sumu kidogo. Lakini chukua ngao ya kawaida, ya kijivu, isiyo na uchawi wowote, yenye matundu matatu kamili, wala si mawili wala manne. Pachika Ral kwanza, kisha Ort, kisha Tal. Ukikosea mpangilio umeharibu mawe yako. Ukipatia, jina la ngao linageuka kuwa Ancient's Pledge, maandishi yake yanang'aa rangi ya dhahabu, na ngao ile ya ovyo inakukinga na moto, baridi, radi na sumu kwa zaidi ya asilimia 40 kila kimoja. Katika ugumu wa Hell, ambapo nyongeza hii inakupunguzia kinga hizo kwa pointi 100, ngao hiyo ni uhai.

Angalieni walivyopanga. Kazi ya kwanza inakupa matundu, ya pili inakupa mawe. Hakuna ukurasa wa maelezo, hakuna mwalimu anayekushika mkono. Mchezo umekuwekea mkononi kila kitu cha lazima na kukuacha ujaribu. Mawe hayo yako 33, kuanzia El mpaka Zod, na ya juu ni adimu kiasi kwamba mtu anaweza kucheza mwaka mzima asilione moja. Maneno yanayoundwa kwa kuyapanga yalikuwa mengi tangu siku ya kwanza. Tir na Ral ndani ya fimbo yenye matundu mawili huwa Leaf, inayompa Sorceress nguvu za moto mapema kabisa. Tal na Eth ndani ya vazi huwa Stealth, na ghafla shujaa wako anakimbia na kuroga kwa kasi mpya.

Kilichotokea baada ya hapo ndicho kilichobadilisha mchezo wote, hata zile sehemu nne za zamani. Vitu vya kijivu, vile vilivyokuwa vikipitwa njiani, vikaanza kuokotwa na kuhesabiwa matundu. Nakumbuka wazee wa Kivu wakisimulia migodi ya zamani, kampuni zilipotafuta kasiterite, madini ya bati, na koltani ikawa mchanga mweusi wa pembeni usioulizwa na mtu. Siku bei ilipogeuka, watu walirudi kuchambua hata marundo yaliyotupwa. Ndivyo wachezaji walivyorudi kwenye mapango waliyokwisha kuyamaliza mwaka 2000. Sehemu ya kwanza ya mchezo haikuongezewa hata chumba kimoja, lakini kila kitu kilichodondoka humo kilikuwa na swali jipya ndani yake.

Kulikuwa na hirizi pia, na hapa wabunifu walionyesha busara ya kipekee. Hirizi haivaliwi. Inafanya kazi ikiwa imekaa tu ndani ya mkoba, na mkoba una vyumba 40. Hirizi ndogo inakula chumba kimoja, ya kati viwili, kubwa vitatu. Kila hirizi unayobeba inakuongezea nguvu na kukupunguzia nafasi ya kubebea ngawira. Kuna wachezaji waliojaza mkoba hirizi mpaka wakabaki na pembe ndogo ya kuokotea vitu, na kila mara walilazimika kuchagua hapo hapo, katikati ya maiti za mashetani, nini kibaki na nini kiachwe. Kasha la mjini lilipanuliwa mara mbili, kutoka vyumba 24 hadi 48. Wangeweza kulipanua mara kumi. Nadhani walijua kwamba uhaba ndio unaomfanya mtu afikiri.

Na yule askari wa kukodi? Sasa alivuka nawe kutoka sehemu hadi sehemu, akapanda ngazi kama wewe, akafufuliwa kwa dhahabu akifa, na zaidi ya yote ukaweza kumvalisha: kofia, vazi, silaha. Dhahabu ikapata kazi. Silaha iliyokuwa haimfai mhusika wako ikapata mwenyewe. Watu wakaanza kuwazungumzia askari wao kama wanavyozungumzia ndugu.

Halafu tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Moto haukutoka kileleni tu. Ulitokea katika nyufa zilizoshuka mpaka karibu na mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita Birere na kitovu cha biashara, ukaukata mji vipande viwili na kuingia ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Watu walikufa pia. Wengi walirudi baada ya siku chache, jiwe likiwa bado na joto, wakaanza kutafuta mipaka ya viwanja vyao juu ya kitu kisicho na mipaka. Birere ikajengwa tena juu ya jiwe lile lile, kwa mbao na mabati, na kwa kuta za mawe yaliyovunjwa kutoka humo humo.

Volkano ya Druid inadumu sekunde chache. Inatikisa ardhi, inarusha mawe, inazimika, na sakafu inabaki kama ilivyokuwa. Waliochora mchezo hawakulazimika kuonyesha asubuhi ya pili. Siwalaumu. Ila wao wenyewe walimaliza hadithi yao kwa jambo zito kuliko walivyozoea: baada ya Baal kuuawa ndani ya Arreat, malaika Tyrael anaona kwamba jiwe kuu lililomo moyoni mwa mlima limekwisha kuharibiwa, naye analivunja. Diablo III ilipotoka Mei 2012, ilionyesha kilichobaki cha Arreat: shimo kubwa. Mababariani wamebaki bila mlima waliozaliwa kuulinda, nao wanahangaika. Katika mfululizo wote huo, ni hapo nilipoona watu wake wakiishi na matokeo.

Birere ni mahali pa kununulia na kuuzia. Simu, redio, vitenge, betri, nyaya, kompyuta zilizotumika kwingine, vyote vinapita hapo, vingine mgongoni mwa wamama wanaovuka mpaka wa Petite Barrière, vingine juu ya chukudu, baiskeli zetu za mbao. Mchezo huu ulikuwa na bahati ya kuwa mwepesi. Diablo II ilitaka kompyuta ya Pentium ya megahezi 233 na megabaiti 32 za kumbukumbu, yaani hata mashine iliyokwisha kuchoka ofisini Ulaya iliuendesha bila kulalamika. Haikudai intaneti. Mashine zikiunganishwa kwa waya, hadi wachezaji wanane wanaingia pango moja. Nakala nilizoziona mimi zilikuwa tayari na nyongeza ndani yake, hivyo wengi wetu hatukujua kwamba palikuwa na mchezo mmoja kisha mwingine. Druid na Amazon walikuwa wa umri mmoja.

Faili la mhusika ni kilobaiti chache tu. Mimi wangu nilimbeba kwenye flashi pamoja na kazi za shule, na umeme ukikatika mahali pamoja au jenereta ikiishiwa mafuta, niliendelea naye mahali pengine. Kijana mmoja alikuwa na Paladin aliyekuzwa na kaka zake wawili kabla yake. Walirithishana, pamoja na ngao yake ya Ancient's Pledge.

Huko kwenye mtandao wa Battle.net, wachezaji wa dunia nzima walikuwa wamejenga soko ambalo mfanyabiashara wa Birere angelielewa mara moja. Dhahabu ya mchezo haikuaminiwa. Kabla ya nyongeza, pesa halisi ilikuwa pete iitwayo Stone of Jordan, ndogo, inayotafutwa na wote. Walaghai wakapata njia ya kuinakili, pete bandia zikafurika. Baadaye mawe ya runi yakachukua nafasi hiyo, na yalikuwa pesa nzuri kwa sababu ukiyatumia yanakwisha. Jiwe lililopachikwa kwenye vazi halirudi sokoni.

Kisha Oktoba 2003 likatoka toleo la marekebisho namba 1.10, nalo ni kama nyongeza ya pili iliyotolewa bure. Ustadi wa chini ulianza kuupa nguvu ustadi wa juu, hivyo pointi ulizotumia ukiwa mdogo hazikupotea tena. Maneno ya runi yakaongezeka sana. Enigma, kwa mfano, inampa mhusika yeyote uwezo wa kuruka kutoka hapa hadi pale ambao awali ulikuwa wa Sorceress peke yake. Inasikitisha kwamba wakati huo waasisi walikuwa wamekwisha kuondoka: Brevik na ndugu Schaefer walijiuzulu Juni 2003. Mwaka 2005 Blizzard North ikafungwa.

Mei 2021 Nyiragongo ukatoka tena. Safari hii moto ulisimama kabla ya kufika mjini kati, kwenye makazi ya kaskazini, lakini siku chache baadaye serikali iliamuru mitaa kadhaa ihamishwe, na Birere ikabaki tupu. Septemba ya mwaka huo ikatoka Diablo II: Resurrected, mchezo ule ule umechorwa upya. Waliouchora waliuuza pamoja na nyongeza yake kama kitu kimoja. Walilipanua kasha la mjini na kuweka sehemu ya kugawana kati ya wahusika wako wote. Mkoba wa vyumba 40 hawakuugusa, na hirizi bado zinakula nafasi.

Assassin ndiye aliyengoja kuliko wote. Mateke yake ya 2001 yalitaka ujikusanyie nguvu kwa mapigo kadhaa, kisha uzimalize zote kwa pigo moja na kuanza tena, na katikati ya Hell hakuna mwenye muda huo. Wengi walimtumia kwa mitego tu. Februari 2023 toleo la marekebisho la mchezo uliochorwa upya likaleta neno jipya la runi: Mal, Gul, Amn, ndani ya kucha za kawaida za kijivu zenye matundu matatu. Linaitwa Mosaic, na kazi yake ni kufanya nguvu zilizokusanywa zisiishe kila unapomaliza pigo. Hawakumwongezea Assassin hata teke moja. Leo anapita Hell akipiga mateke, na watu wamerudi kuokota kucha tupu zilizolala njiani.